Rangi Kuzima Si Ushahidi wa Tiba

Maabara yetu hapa Kisumu imekuwa ikiletewa vifurushi vingi: magome ya mjafari yaliyosagwa, mizizi iliyochemshwa na kutiwa kwenye chupa za soda, mara nyingine bila hata jina la mmea. Wanaovileta wanaomba "kipimo cha rangi", kisha cheti cha kubandika kwenye kopo. Cheti hicho hakipo.

Sehemu za DNA zenye guanini (herufi G, moja ya herufi nne za DNA) nyingi, kama ncha za kromosomu ambako herufi TTAGGG hurudiwa tena na tena, zinaweza kujikunja zikawa na nyuzi nne badala ya mbili, hasa penye potasiamu. Kampaundi inayolishika umbo hilo barabara huweza kuzuia telomerasi, kimeng'enya ambacho seli nyingi za saratani hukitegemea. Ndiyo maana kampaundi hizo zinasakwa.

Mbinu tunayoitumia, yaani hicho kipimo cha rangi, ilitoka Ufaransa, kwa watafiti Monchaud na Teulade-Fichou, mwaka 2006. Rangi iitwayo thiazoli oranji ikiwa peke yake majini karibu haing'ai, maana molekuli yake inajizungusha na nishati inapotea. Ikibanwa kwenye DNA, inang'aa kijani. Tunaongeza sampuli kidogo kidogo. Mwanga ukififia, huenda kuna kitu kimeing'oa rangi na kukaa mahali pake. Tunaandika kiasi kilichong'oa nusu ya rangi, kisha tunarudia kwa DNA ya kawaida ya nyuzi mbili. Kinachong'ang'ania DNA yoyote kinatutia wasiwasi zaidi kuliko matumaini.

Sasa, mjafari una kampaundi ziitwazo kelerithrini na nitidini, na hizo kweli hushika DNA ya nyuzi nne. Tatizo ni kwamba nazo zina mwanga wake. Mashine inasoma mwanga tu, haijui umetoka wapi. Maji ya mizizi yenye rangi nzito nayo huumeza mwanga, usomaji ukashuka kana kwamba dawa imefanya kazi. Hatupimi supu! Tunapima kampaundi iliyotengwa na kusafishwa, na hata ikifaulu, imefaulu ndani ya kijishimo cha bamba la plastiki la maabara, si mwilini. Quarfloxin, dawa ya majaribio ya saratani iliyotokana na utafiti huu wa nyuzi nne, ilifika awamu ya pili ya majaribio kwa wagonjwa na bado haikufika sokoni.

Kwa mwenye nia ya utafiti, utaratibu ni huu. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, chini ya sheria ya mwaka 2013. Barua ya chifu haichukui nafasi yake. Anayetaka mmea kwa ajili ya vinasaba au kampaundi zake aulize NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu kibali cha kanuni za mwaka 2006 za kupata rasilimali za vinasaba, ambacho huambatana na idhini ya wenyeji iliyotolewa baada ya kuelezwa kwa ukamilifu. Kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji pia mkataba wa uhamishaji, uliotiwa saini kabla ya mzigo kuondoka. Kumpa binamu anayesafiri si njia ya mkato. Ni kosa, na kibali kinaweza kufutwa pamoja na mashtaka.

Kuuza ni jambo jingine kabisa. Dawa za mitishamba husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na matangazo yake yanabanwa na Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244. Jina la maabara yetu lisiandikwe kwenye kopo lolote.

Ukija, leta tawi lenye majani na maua, likiwa limekaushwa kati ya magazeti, pamoja na jina la mahali lilipokatwa na nakala ya leseni. Unga usiotambulika utarudishwa mapokezi.