Je, nchi yenye hataza nyingi ndiyo yenye ubunifu mwingi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ukitaka kujua nchi gani inafanya vizuri katika teknolojia, unahesabu hataza (hati za kumiliki uvumbuzi), wahandisi na fedha za utafiti. Nilikosea. Hesabu hiyo inakuonyesha kilichowekwa chunguni, haikuambii kama kimeiva.

Tazama umeme wa upepo. Mwaka 1983 Ujerumani Magharibi, yenye wahandisi wa kila aina, ilianza kuendesha GROWIAN, mtambo wa megawati 3 wenye mapanga yenye kipenyo cha mita 100. Hadi ulipozimwa mwaka 1987 ulikuwa umefanya kazi kwa takribani saa 420 tu. Hata siku 18 hazifiki!

Denmark ilianzia chini kabisa. Seremala Christian Riisager aliunda mtambo wa kilowati 22. Mwaka 1978 kituo cha kujaribia mitambo ya upepo kikafunguliwa Risø, huko huko Denmark, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kumlipia mnunuzi asilimia 30 ya bei, mradi mtambo uwe na kibali cha kituo hicho. Wenye mitambo nao waliungana, wakawa wanachapisha takwimu za uzalishaji na uharibifu.

Hapo ndipo penye siri. Mfikirie fundi wa majahazi. Nahodha akirudi safari humwambia: maji yanaingia hapa, mlingoti unalia pale. Fundi hutia kalafati upya, na jahazi linalofuata huundwa akijua ubao gani ulimsaliti. Baada ya majahazi 20, ameshasomeshwa na bahari. Sasa mfikirie fundi hodari kuliko huyo, aliyepewa fedha aunde merikebu moja kubwa mno. Ikipasuka, amepata somo moja, na hana mteja wa kumrudia. Denmark ilikuwa na manahodha wengi.

Ndiyo maana watafiti kama Marko Hekkert na wenzake, mwaka 2007, walipendekeza tupime kazi saba za mfumo wa ubunifu, yaani watu, taasisi na kanuni zinazokuza teknolojia fulani: ujasiriamali, kuzalisha maarifa, kuyasambaza, kuonyesha mwelekeo, kujenga soko, kukusanya rasilimali na kupata uhalali mbele ya jamii. Kazi moja ikilegea, huzishika miguu nyingine zote.

Kipimo hiki nacho kina udhaifu. Mara nyingi alama hutokana na maoni ya wataalamu wanaohojiwa, na hakuna mizani iliyokubalika ya kusema kazi ipi ina uzito gani. Tena Denmark ilibebwa pia na soko la mitambo la California, Marekani. Lilipoanguka, Vestas yenyewe, kampuni ya Denmark inayounda mitambo ya upepo, iliyumba vibaya mwaka 1986. Lakini kuna ushahidi unaonivutia: sheria ya mwaka 1991 ilipozilazimisha kampuni za umeme za Ujerumani kununua umeme wa upepo, nchi ile ile iliyoshindwa na GROWIAN ikaja kuwa miongoni mwa vinara wa dunia. Kilichokuwa kimekosekana ni soko.

Kwetu Kenya mfano uko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kando ya Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya Vestas, yenye uwezo wa megawati 310 hivi, ilikamilika kusimikwa mwaka 2017. Upepo wa Turkana ulikuwepo, na mkataba wa kuuza umeme ulishasainiwa. Kilichokosekana ni njia ya kusafirisha umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mitambo ikasimama ikisubiri nyaya hadi Septemba 2018.