Jumuiya ya watafiti wa elimu ya hisabati: maana yake na ilikotoka

Chukua mfano wa kijana wa kidato cha kwanza pale Mikindani, Mtwara. Darasani anaulizwa asilimia 15 ya shilingi 3,000 ni ngapi, anakosa. Jioni yuko na babu yake aliyerudi kutoka chama cha msingi, wanapiga hesabu ya korosho: bei ya mnada, toa makato, zidisha kwa kilo. Anapatia, tena bila kalamu.

Mwalimu akikisimulia kisa hicho wakati wa chai, ni stori tu. Lakini akiuliza kwa nini iwe hivyo, akakusanya kazi za wanafunzi, akaandika alivyofanya hatua kwa hatua ili mwenzake wa Nachingwea aweze kurudia na hata kumpinga, hapo ameanza utafiti. Watu wanaofanya kazi hiyo kwa maswali yanayokaribiana, wakiwa na mikutano na majarida ya kuchambuana, ndio wanaoitwa jumuiya ya watafiti wa elimu ya hisabati.

Wengi huichanganya na jumuiya ya wanahisabati. Mwanahisabati anathibitisha kwamba jambo ni kweli. Huyu mwingine anataka kujua jambo hilo linaingiaje kichwani mwa mtoto na linakwamia wapi. Asilimia 15 ya 3,000 ni 450, hilo halina mjadala. Mjadala ni kwa nini yule kijana alikosa.

Kwa muda mrefu shughuli hii ilikuwa mikononi mwa wanahisabati wenyewe. Mwaka 1899 lilianzishwa jarida la L'Enseignement Mathématique, na mwaka 1908, kwenye mkutano wa wanahisabati mjini Rome, ikaundwa tume ya kimataifa ya ufundishaji wa hisabati, ile inayojulikana leo kama ICMI. Rais wake wa kwanza alikuwa Mjerumani Felix Klein. Tume ilikusanya taarifa kutoka nchi mbalimbali: nani anafundisha nini, darasa la ngapi. Mtoto mwenyewe hakuulizwa sana. Vita vikaivuruga kazi hiyo, tume ikafufuliwa mwaka 1952.

Kwa maoni yangu, kilichoizaa jumuiya yenyewe ni kushindwa. Baada ya Warusi kurusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, mwaka 1957, nchi za Magharibi ziliingiwa na hofu na kusukuma kwa nguvu mashuleni "hisabati mpya", yaani mtindo wa kufundisha kwa kuanzia na seti na mantiki. Moto huo ulifika kwetu haraka: mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati hiyo kwa ajili ya Afrika. Waliosoma sekondari zama zile watakumbuka seti zilivyotawala. Kimantiki vilikuwa vitabu safi kabisa, ila wazazi hawakuvielewa, walimu wengi waliviogopa, na nchi nyingi baadaye zikaachana na mtindo huo. Ikawa wazi kwamba kuijua hisabati hakumpi mtu ujuzi wa namna watoto wanavyojifunza.

Hapo mambo yakaenda mbio. Mholanzi Hans Freudenthal alianzisha jarida la Educational Studies in Mathematics mwaka 1968, na mwaka uliofuata ukafanyika Lyon, Ufaransa, mkutano mkuu wa kwanza wa dunia wa fani hii. Mwaka 1976, kwenye mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, likazaliwa kundi la PME linaloshughulikia saikolojia ya kujifunza hisabati. Fani ikawa na wenyewe.

Mwaka 1985 ukatoka utafiti unaomhusu moja kwa moja yule kijana wa korosho. Terezinha Carraher na wenzake wawili walifuata watoto watano wachuuzi mjini Recife, Brazili, wakajifanya wateja. Kwenye biashara watoto walipatia maswali 98 kati ya kila 100. Baadaye walipopewa hesabu zilezile zikiwa tarakimu tupu, ufaulu ulishuka hadi 37 kwa 100. Watoto ni walewale. Tangu hapo imekuwa vigumu kusema mtoto fulani "hana kichwa cha hesabu" bila kuulizwa ulimpima wapi.

Mtu wa kusini mwa Tanzania na jirani yake wa Msumbiji nao wana sehemu yao katika historia hii. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, alifanya kazi Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyehamia huko baada ya uhuru na kufariki mwaka 2014. Aliangalia mitego ya wavuvi wa kaskazini mwa nchi hiyo inayoitwa lema (mtu wa pwani hahitaji kamusi kujua kwamba hilo ni dema letu). Macho ya dema yana pembe sita zilizo sawa. Msukaji hatumii bikari wala protrakta: anazikunja na kuzipitisha fito katika pande tatu, na ufito wenyewe unamlazimisha kuzikutanisha kwa nyuzi 60. Gerdes alisema hiyo ni jiometri iliyolala ndani ya mkono wa fundi, akawapa wanafunzi wake vipande vya karatasi waivumbue upya. Mwaka 1988 aliichapisha katika jarida lilelile la Freudenthal. Kitu kinachoanikwa ufukweni bila kuangaliwa mara mbili kikawa hoja ya wasomi duniani.

Nchini kwetu kipo Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, ingawa hicho ni cha walimu na wapenzi wa somo zaidi kuliko watafiti. ICMI nayo ina mkutano wa kanda ya Afrika: wa kwanza ulifanyika Johannesburg mwaka 2005, na mwaka 2018 ulikuja Dar es Salaam.

Maswali ya kupeleka huko hayakosekani Mtwara na Lindi. Mtoto anaongea Kimakonde au Kimwera nyumbani, anajifunza sehemu na desimali kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Akikosa, amekosa hesabu au amekosa lugha? Mtafiti angetunga swali moja, akaliandika kwa lugha mbili, akaligawa kwa makundi mawili yanayolingana, kisha akakaa na waliokosa mmoja mmoja wamweleze walivyofikiri. Na katika maswali hayo, lile la asilimia angelitunga mara mbili: moja la tarakimu tupu, jingine lenye bei ya mnada na makato.