Mtakatifu Mukasa yupi?

Mahujaji wa Kenya na Tanzania ninaowaongoza Namugongo, mahali pa hija karibu na Kampala, huniuliza sana: Mtakatifu Mukasa aliuawa hapa au Nakivubo, katikati ya Kampala? Nami huwarudishia swali: Mukasa yupi? Kati ya mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, akina Mukasa ni watatu.

Watakatifu wengine wanaoshiriki jina, kama kina Teresa, hawasumbui, kwa kuwa kila mmoja ana sikukuu yake. Wa Avila ana 15 Oktoba, wa Mtoto Yesu ana 1 Oktoba, wa Kolkata ana 5 Septemba. Mukasa wetu wote watatu walitumikia ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga, na sikukuu yao ni moja, 3 Juni. Kinachowatofautisha ni jina la mwisho, na ndilo watu hulikata wakiandika.

Wa Nakivubo ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa ikulu. Alimkemea Kabaka kwa kumuua Askofu Hannington wa Kianglikana, na tarehe 15 Novemba 1885 akakatwa kichwa, kisha mwili wake ukachomwa. Ndiye shahidi wa kwanza Mkatoliki wa Uganda, na nafasi yake ikulu ikachukuliwa na Karoli Lwanga. Soko la Owino, palepale Nakivubo, kwa jina rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Wengi wanaonunua mitumba pale hawajui wamesimama karibu na alipouawa.

Adolfo Mukasa Ludigo, mwenye asili ya Tooro, alichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Wa tatu, Mukasa Kiriwawanvu, ndiye ninayempenda, ingawa picha yake huioni madukani. Wenzake walipohukumiwa alikuwa kifungoni kwa kupigana na Gyavira, kijana mwenzake wa ikulu. Alitolewa, akakiri kuwa naye anafuata dini hiyo, akaunganishwa nao. Gyavira alikuwa amebatizwa na Lwanga usiku wa kuamkia hukumu. Kiriwawanvu, aliyekuwa bado mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, hakupata maji, kwa hiyo Kanisa linasema ubatizo wake ulikuwa wa damu. Ndiyo sababu hana Yosefu wala Adolfo mbele ya jina lake. Waliogombana wakachomwa pamoja, wakatangazwa watakatifu siku moja.

Wazazi wengine huniuliza kama mtoto anaweza kubatizwa Mukasa tu. Wanaogopa kwa kuwa Mukasa pia ni jina la lubaale, mungu wa jadi wa Waganda, wa ziwa Nalubaale (Viktoria). Sheria ya Kanisa, kanuni ya 855, inakataza jina lililo kinyume na moyo wa Kikristo, basi. Jina lenye watakatifu watatu halimo humo. Ila mwambieni paroko somo wa mtoto, yaani mtakatifu anayeitwa kwa jina lake, ni Mukasa yupi, aliandike jina lote.