Fisi Maji, Barbeli Wakubwa na Uchungu wa Wavuvi wa Mshipi

Majira ya baridi, kwenye ukingo wa mto Great Ouse huko mashariki mwa Uingereza, mvuvi mmoja wa makamo alinionyesha samaki aitwaye barbeli aliyelazwa juu ya nyasi zenye sakitu. Urefu wake ulikaribia ule wa mkono wangu. Koo na matamvua vilikuwa vimeliwa, tumbo limefunguliwa upande wa mbele na ini halimo, lakini kuanzia katikati ya mwili hadi mkiani nyama ilikuwa nzima. Hatua chache kutoka hapo, kwenye tope, palikuwa na nyayo za vidole vitano. Mvuvi yule hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba aliyefanya hayo ni fisi maji. Alichotaka kujua kutoka kwangu, kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza chakula cha mnyama huyo, ni kama mto wake umekwisha.

Msomaji aliyezoea uvuvi wa Ziwa Viktoria, ambako fisi maji hulaumiwa kwa kuchana nyavu na kula samaki walionaswa humo, huenda asielewe mara moja uchungu huu unatoka wapi, maana mvuvi yule hakukusudia kumla samaki wake. Uvuvi wa mshipi katika mito ya nyanda za chini za Uingereza ni mchezo: samaki hunaswa kwa ndoano, hupimwa uzito, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini akiwa hai. Barbeli, ambaye ni wa ukoo mmoja na ningu wa kwetu, huweza kuishi zaidi ya miaka 15, kwa hiyo samaki mmoja huvuliwa na watu wengi kwa miaka mingi, hadi wakamtambua kwa kovu lake au kwa pezi lililokatika na kumpa jina. Mwaka 2006 mto huo huo ulitoa barbeli wa zaidi ya kilo 9, aliyeweka rekodi ya nchi. Mtu aliyemfuatilia samaki wa namna hiyo kwa misimu kadhaa, kisha akamkuta ameliwa koo tu na kuachwa, ana haki ya kuumia, na wataalamu wenzangu wanaomjibu kwamba maumbile ndivyo yalivyo wanamkosea heshima.

Yapo pia ya historia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 fisi maji walipungua kwa kasi nchini humo, na sababu kubwa ilikuwa viuadudu vya dieldrini na aldrini, vilivyopakwa kwenye mbegu za nafaka na kutumika kuogeshea kondoo. Sumu hizo ziliingia mitoni, zikajilimbikiza katika mafuta ya mikunga, na fisi maji aliyekula mikunga hao akabeba mzigo wote. Uchunguzi wa kwanza wa nchi nzima, wa 1977 hadi 1979, ulikuta dalili zake katika chini ya asilimia 6 ya maeneo yaliyokaguliwa. Sheria ilianza kumlinda mwaka 1978, sumu zikaondolewa hatua kwa hatua, na uchunguzi wa 2009 hadi 2010 ukakuta dalili katika karibu asilimia 59. Maana yake ni kwamba mvuvi aliyeanza kushika mshipi akiwa mtoto katika miaka ya 1970 amejifunza mto usio na mnyama huyu, akauona huo kuwa ndio mto wa kawaida. Wengi wanaamini kwamba fisi maji wamerundikwa mitoni na watu. Ni kweli kwamba kati ya 1983 na 1999 waliachiliwa 117 waliozalishwa kizuizini, wengi wao mashariki, lakini sehemu kubwa ya ongezeko imetokana na wale waliobaki magharibi na kaskazini, ambao wamekuwa wakienea wenyewe kufuata mito.

Sasa nije kwenye chakula chenyewe. Fisi maji hana tabaka nene la mafuta mwilini. Manyoya ndiyo yanayomkinga, na maji baridi humla nguvu haraka, hivyo huhitaji takriban kilo moja ya chakula kwa siku. Huacha kinyesi chake juu ya mawe na chini ya madaraja ili kuwapa taarifa wenzake. Mimi huloweka kinyesi hicho, nikakichuja kwa chujio laini, nikaweka mabaki chini ya hadubini na kuyasoma mfupa kwa mfupa: uti wa mgongo wa mkunga, jino la koromeo la samaki mdogo, mfupa wa nyonga wa chura, ganda jekundu la kamba wa maji baridi wa Kimarekani. Kwa idadi, walio wengi ni samaki wadogo ambao hakuna mvuvi angewapiga picha.

Hapa lakini sina budi kuwatendea haki wavuvi, kwa sababu njia yangu ina kasoro ambayo sisi wataalamu hatuitaji mara nyingi inavyostahili. Barbeli wa kilo 5 haliwi na mifupa yake. Fisi maji huanza na koo na ini, akala sehemu laini, na uti mkubwa wa mgongo ukabaki ukingoni, kwa hiyo samaki huyo karibu hasomeki katika kinyesi. Mimi ninayehesabu mifupa humwona mara chache kuliko anavyoliwa. Mvuvi anayehesabu mizoga haoni kabisa samaki wadogo waliomezwa wazima. Kila mmoja wetu ameshika nusu ya hesabu.

Ninachokiamini, baada ya kuziweka nusu hizo pamoja, ni kwamba fisi maji anaweza kweli kuwamaliza barbeli wakubwa katika kipande cha mto, hasa pale ambapo wamebaki wachache na wazee. Swali zito zaidi ni kwa nini wamebaki wazee tu. Barbeli hutaga kwenye changarawe safi, katika maji mafupi yanayokwenda kasi. Udongo unaosombwa kutoka mashambani huziba nafasi za changarawe hiyo na mayai hukosa hewa, vizingiti vilivyojengwa kukatiza mto huwazuia samaki kupanda kwenda kutaga, na kamba wale wa Kimarekani hula mayai. Tangu miaka ya 1980 mikunga wachanga wanaoingia mito ya Ulaya wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mikunga ndio waliokuwa chakula kikuu cha fisi maji. Mto wenye mikunga tele na barbeli wa kila umri ungeweza kumlisha mwindaji huyu bila mvuvi kutambua pengo.

Mabwawa ya kuvulia ni jambo jingine. Humo samaki aina ya kapi wenye thamani kubwa wamesongamana, na fisi maji akiingia hasara ni ya kifedha. Uzio imara uliofukiwa chini ardhini ndiyo dawa, nami siwapingi wanaoomba msaada wa kuugharimia. Mto hauwezi kuzungushiwa uzio.

Nilimwomba mvuvi yule anionyeshe mahali ambapo barbeli walikuwa wakitaga alipokuwa kijana. Tulivaa viatu virefu vya mpira, tukaingia kwenye maji ya magotini, akainama na kuchimba changarawe kwa vidole. Wingu jeusi la tope liliinuka na kushuka na mkondo, likaendelea kutoka kila alipochimba. Alisema zamani maji ya hapo yalibaki meupe hata ng'ombe walipovuka. Chama chake cha wavuvi kina pampu ya kuoshea changarawe, na tumepanga kuitumia kwenye kipande hicho kabla ya msimu wa kutaga.