Kumfungia mtoto ndani si kumsitiri

Wiki iliyopita niliingia nyumba moja upande wa Micheweni, hapa Pemba, kumfuata mtoto ambaye jirani ndiye aliyeniambia kuwa yupo. Bibi yake alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka, akaniuliza hali za nyumbani, kisha akasema hapo pana wajukuu watatu tu na wote wako skuli. Wa nne nilimsikia akikohoa chumba cha nyuma. Nilipogeuza uso, bibi akasema taratibu, "Mwanangu, huyu tunamsitiri."

Neno hilo nimeshalisikia Kojani na Konde, na Wete mjini nimelisikia kwenye nyumba za watu waliosoma. Safari hii limenifika shingoni.

Sitara ni jambo kubwa kwetu na siibezi. Mtu husitiriwa utupu wake, dhambi yake, hata njaa yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ana aibu gani ya kusitiriwa? Hakumkosea mtu. Wanaojificha hapo ni wakubwa, kwa kuogopa maneno ya watu, na anayelipa ni mtoto.

Malipo yenyewe nayaona kila siku, maana kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Misuli iliyokaza, ikiachwa bila kunyooshwa, hufupika. Goti lililokuwa likikunjuka kwa urahisi akiwa na miaka miwili, akifika minane halikunjuki tena, na nyonga inaweza kutoka mahali pake. Mtoto anayelishwa uji amelala chali hupaliwa, uji ukaingia njia ya hewa, na kikohozi kama kile cha chumba cha nyuma kinaweza kuishia nimonia. Mlishe amekaa, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo kidogo. Nimelisema hili hadi sauti imekauka.

Kuna na la karatasi. Mtoto anayefichwa mara nyingi sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, hana habari naye, na cheti cha kuzaliwa hana. Akifika miaka 18 hapati kitambulisho cha Mzanzibari, na bila kitambulisho hata kujiandikisha kupiga kura hawezi. Mtu mzima anaishi kwenye shehia yake mwenyewe kama mgeni asiyejulikana alikotoka.

La tatu watu hawapendi nilitaje. Mtoto asiyejulikana mtaani ni rahisi kudhalilishwa, kwa sababu mwenye nia mbaya anajua hakuna atakayegundua. Anayetoka kila siku, majirani wanaujua uso wake ulivyo akiwa na furaha, na siku ukibadilika watauliza. Ulinzi huo hakuna kufuli inayoutoa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sitara.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa kila nyumba ni baraza. Kila alasiri, jua likipungua, mtoto atolewe akakae barazani. Kama hawezi kukaa mwenyewe, mkalishe kwenye pembe kuta mbili zinapokutana, mto wa usufi kila ubavu, taulo lililokunjwa chini ya magoti. Siku za mwanzo watoto wa mtaa watamkodolea macho. Waache, watazoea, na wakizoea watamchezesha kuliko mazoezi yangu yote. Kwa yule bibi narudi Jumatano na mbao za kumtengenezea mjukuu wake kiti.

Maneno mengine ninayoambiwa majumbani sitayakalia sana.

"Haki za binadamu ni mambo ya Wazungu, dini yetu ina yake." Basi tuifuate dini hiyo. Surat Abasa ilimshukia Mtume kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka elimu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Kipofu huyo baadaye aliadhini Madina, na Mtume alipotoka safari aliwahi kumwachia mji. Hakufungiwa chumba cha nyuma. Na Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 11, inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa.

"Yeye mikarafuu ataifanyia nini?" Hili nalisikia mirathi inapogawiwa, kwa kawaida kutoka kwa ndugu wa kiume. Ulemavu haumzuii mtu kurithi. Kinachozuia ni kama kumuua unayemrithi, au kutofautiana naye dini. Asiyeweza kusimamia mali yake huwekewa msimamizi, na msimamizi ana hesabu ya kutoa. Karafuu zikivunwa, fedha za fungu lake ni zake. Mkikataa, kuna Mahakama ya Kadhi, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 wasaidizi wa sheria wanatambuliwa rasmi na hawatozi kitu.

"Amechezewa na shetani." Muulize mama uzazi ulikuwaje. Mara nyingi nasikia mtoto alichelewa kulia, au aligeuka manjano akaanikwa juani asubuhi, basi. Jua halitoshi. Mtoto mchanga anayegeuka manjano siku ya kwanza apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu manjano yakizidi yanaharibu ubongo. Dua msomeeni njiani.

"Kiziwi hafundishiki." Asichosikia ni sauti. Mkitumia mikono na nyuso nyumbani tangu mdogo, na skuli akapata mwalimu wa lugha ya alama, atasoma. Wazazi wengi hawajui hata alama moja, kisha wanalalamika kuwa mtoto haelewi. Anza leo na tatu: kula, kunywa, njoo.