Je, wajua kwa nini pampu kubwa ya haidroliki haiongezi uzito ambao trekta inaweza kuinua?

Mkulima wa Njoro ana trekta ndogo ya hosipawa 25 yenye loda ya mbele. Ndoo ikijaa samadi mbichi inakataa kuinuka. Akiuliza, ushauri anaopewa mara nyingi ni huu: tia pampu kubwa. Ni ushauri unaoingia akilini upesi, kwa kuwa pampu inasukuma oili na oili inasukuma silinda, basi mtu hukata shauri kwamba pampu kubwa ni msukumo mkubwa. Lakini akifunga pampu mara mbili ya ile ya zamani, ndoo iliyokataa itaendelea kukataa. Mizigo iliyokuwa ikiinuka ndiyo itakayoinuka upesi zaidi.

Sababu yenyewe ni ya ajabu kidogo: pampu haitengenezi presha. Pampu ya gia, aina inayopatikana kwenye trekta ndogo nyingi, kazi yake ni kubeba kiasi kilekile cha oili kwa kila mzunguko na kukitoa upande wa pili. Pampu ya sentimita za ujazo 8, ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika, hutoa lita 20 kwa dakika. Lita hizo zikiachwa zimwagike huru kwenye debe, presha itakuwa karibu sufuri. Presha huzaliwa pale oili inapozuiwa njia. Mzigo unaikandamiza pistoni, pistoni inaikandamiza oili, na presha inapanda hadi itoshe kuushinda mzigo huo, basi. Haipandi zaidi ya inavyohitajika.

Na ina kikomo. Kila mfumo una vali ya kupunguza presha, yenye springi iliyokazwa kiwandani, tuseme bar 150 (bar ni kipimo cha presha; moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya pwani). Presha ikifika hapo vali inafunguka na oili inarudi kwenye tangi bila kumsaidia mtu.

Wafikirie wapakiaji wanaojaza lori la viazi pale Molo. Kila gunia ni lita moja ya oili, na uzito wa gunia ndio presha. Kanuni za viazi nchini Kenya haziruhusu gunia lizidi kilo 50. Tuseme msimamizi anazifuata kikamilifu na kulirudisha ghalani kila gunia lililozidi. Huyo msimamizi ndiye vali. Sasa mwenye lori aongeze wapakiaji maradufu. Lori litajaa kwa nusu ya muda, lakini hakuna gunia hata moja litakalozidi kilo 50, kwa sababu wingi wa wapakiaji haubadilishi kanuni. Wapakiaji wengi pia wanataka chakula kingi, na hilo nalo lina mfano wake kwenye injini, kama tutakavyoona.

Tuliweke katika hesabu. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 ina uso wa pistoni wa karibu sentimita za mraba 20. Kwa bar 150, inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 3. Katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuandika ukubwa wa pampu. Kuna presha na eneo la pistoni tu, kanuni ambayo Blaise Pascal aliieleza katika karne ya 17 na Joseph Bramah akaitumia katika mashine ya kukandamiza aliyoipatia hataza Uingereza mwaka 1795. Ukubwa wa pampu unaingia kwenye hesabu ya muda. Silinda mbili za namna hiyo, zikisafiri sentimita 40, zinahitaji kama lita 1.6 za oili. Kwa lita 20 kwa dakika ni karibu sekunde 5. Kwa lita 40, sekunde mbili na nusu hivi.

Mbona basi wapo wakulima wanaosema, tena kwa ukweli mtupu, kwamba walibadilisha pampu na trekta ikapata nguvu? Nadhani hapa ndipo dhana yenyewe inapopata uhai. Pampu inayotolewa kwa kawaida ni iliyochoka. Gia na nyumba yake zimelika, oili inavuja ndani kwa ndani kurudi upande wa kuingilia, hasa ikishapata moto na kuwa nyepesi. Pampu kama hiyo haifiki bar 150 kamwe; pengine inaishia 100. Mpya inapofungwa, presha inarudi pale vali ilipopangiwa, na ndoo inanyanyuka. Sifa zote zinakwenda kwa ukubwa, wakati kilichofanya kazi ni upya. Pampu mpya ya saizi ileile ingeleta nguvu ileile.

Ndiyo maana geji ya presha inatangulia pesa ya pampu. Fundi aifunge kwenye mkondo wa presha, apeleke silinda hadi mwisho wa safari yake na kuishikilia hapo sekunde chache. Geji ikifika kipimo cha kiwanda oili ikiwa ya moto, pampu haina kosa. Ikifika asubuhi na kushindwa mchana, shuku uchakavu, wa pampu au wa sili za silinda, yaani mipira inayozuia oili kuvuja. Na uvujaji usitafutwe kwa kupapasa hosi kwa mkono: oili ya presha hiyo hutoboa ngozi kupitia tundu lisiloonekana, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama haliumi.

Tukirudi kwenye chakula cha wapakiaji: lita 20 kwa dakika kwa bar 150 ni kilowati 5. Lita 40 ni kilowati 10, na ukihesabu upotevu wa pampu inakaribia 12, yaani kama hosipawa 16 kutoka kwenye injini ya 25. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo trekta inayovumilia pampu hiyo Ahero, chini karibu na Kisumu, inaweza kuzimika Molo juu milimani. Na vali ikifunguka, kilowati hizo zote zinageuka joto. Lita 20 za oili zikipokea kilowati 10 kwa dakika moja, na joto lote likabaki humo, zingepanda zaidi ya nyuzi 15.

Mwinuko unaingia tena mahali ambapo wengi hawapatarajii. Tunasema pampu inanyonya oili, lakini kinachoisukuma oili hadi kwenye pampu ni hewa iliyo juu ya tangi. Pwani hewa ina presha ya karibu bar 1. Kisumu ni kama 0.88, Nakuru mjini kama 0.81, na Molo, kwenye mita zinazokaribia 2,500, ni kama 0.75 tu. Pampu kubwa inadai oili nyingi kupitia paipu ileile. Paipu ya milimita 25 inayopitisha lita 20 kwa dakika ina mwendo wa mita 0.7 kwa sekunde. Kwa lita 40 ni 1.4, na mafundi hupendelea mwendo upande wa kunyonya usizidi mita 1 hivi. Katika baridi ya alfajiri oili ni nzito, hewa ni hafifu, na pampu inabaki na njaa. Vipovu vinajitokeza ndani ya oili, vinapasuka penye presha na kuchimba chuma. Pampu mpya inaweza kufa mapema kwa sababu ya paipu nyembamba.

Haya yote ni ya pampu za gia zilizofungwa nje. Massey Ferguson 35 na 135, ambazo bado zinalima sehemu nyingi za Rift Valley, zina pampu ya pistoni ndani ya oili ya giaboksi, na huongozwa kutoka upande wa kunyonya. Hizo zina hesabu zake.

Anayetaka kuinua uzito zaidi ana njia ya silinda nene, akikubali mwendo wa polepole. Kukaza springi ya vali kupita kipimo cha kiwanda kunahamishia mzigo kwenye hosi, ekseli ya mbele, na magurudumu ya nyuma yanayoanza kuachana na ardhi. Pampu kubwa inamfaa mwenye trela ya kutipu inayochelewa, au stearingi inayokuwa nzito kila loda inapofanya kazi. Huyo aulize dukani vitu vitatu: idadi ya meno ya shafti, ukubwa wa mdomo wa kunyonya, na upande pampu inakozunguka. Pampu ya mzunguko wa kulia ikifungwa kwenye injini inayoizungusha kushoto, presha inakwenda upande wa sili ya shafti na kuing'oa mara injini inapowaka. Ya upande sahihi nayo ijazwe oili kwa mkono kabla ya kuwasha, maana gia zikizunguka kavu zinaanza kulika papo hapo.