Namba ya Strouhal ni nini?

Kafi hukamata maji na kuyavuta nyuma, mtumbwi ukaenda mbele. Mkia wa jodari haufanyi hivyo. Unakwenda kushoto na kulia tu, na bado samaki anachoma maji kama mshale. Kazi yake inafanana zaidi na ya tanga: upepo unatoka ubavuni, jahazi linakwenda mbele, kwa sababu tanga limekaa mshazari. Wahandisi huita kitu cha namna hii bawa, na namba ya Strouhal ndiyo inayopima mdundo wake.

Hesabu ni nyepesi. Chukua idadi ya mapigo kwa sekunde (pigo moja ni kwenda na kurudi), zidisha kwa upana ambao ncha ya mkia inafagia, gawanya kwa mwendo wa samaki. Mapigo 3, upana wa sentimita 10, mwendo wa mita 1 kwa sekunde: 3 × 0.1 ÷ 1 = 0.3. Jibu halina mita wala sekunde ndani yake, kwa hiyo dagaa na nyangumi wanapimwa kwa mizani moja.

Čeněk Strouhal mwenyewe, mwanafizikia wa Kicheki, hakuwa na habari na samaki. Mwaka 1878 alikuwa akichunguza kwa nini waya huimba ukipitiwa na upepo.

Ukitaka kuelewa waya na mkia vinakutania wapi, simama gatini mkondo ukiwa na nguvu, utazame nyuma ya nguzo. Maji yanajiviringa, mara upande huu, mara upande ule, kwa zamu. Viviringo hivyo vinayavuta maji ya katikati kuifuata nguzo, na nguzo inapata mburuto, yaani inavutwa kufuata mkondo. Bawa linalopigapiga kwa mdundo unaofaa huacha safu kama hiyohiyo, ila kila kiviringo kinazunguka kinyume. Sasa maji ya katikati yanafyatuliwa nyuma, na bawa linasukumwa mbele.

Mdundo unaofaa ni upi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha samaki, pomboo, ndege, popo na wadudu wakiwa katika mwendo wao wa kawaida. Wengi waliangukia kati ya 0.2 na 0.4. Chini ya hapo msukumo ni haba. Juu yake, nguvu nyingi huishia kuyatikisa maji pembeni.

Lakini usiishike 0.3 kama hirizi. Katika majaribio ya bawa yaliyofanywa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998, ufanisi (sehemu ya nguvu iliyogeuka kuwa msukumo) ulifika asilimia 87, na haukuletwa na mdundo peke yake. Bawa lilikuwa likisogea upande huku likijigeuza, na mageuzi hayo yalipangwa yaendane na kila pigo. Ni kama nahodha na demani, kamba ya kurekebishia tanga: tanga likikaa vibaya, upepo ni uleule na jahazi halitoki. Mabawa mawili yanaweza kuwa na 0.3 yote mawili, moja likasukuma vizuri na jingine likachafua maji tu.